Samaki Aliyevimba Mashavu

Tangu Mbuthia ajifunze kushika ndoano, Lusweti alikuwa halali vizuri. Lusweti alikulia kando ya Mto Nzoia, akavua kabla hajajua kusoma. Mbuthia alikuwa mwenye duka la mbegu hapo Yamumbi, nje ya Eldoret, na kwao samaki hawakuingia jikoni. Sasa ndiye aliyesifiwa bwawani kila Jumamosi.

"Nyinyi si mlisema samaki ni nyoka wa maji?" Lusweti alimchokoza.

"Tulisema. Halafu ukanionjesha, ukanifundisha na kuvua," Mbuthia akacheka. "Wa kulaumiwa ni wewe, mwalimu."

Jumamosi hiyo, atakayevua ngege mzito kuliko wote angepata nafasi moja iliyobaki kwenye lori la Mama Nanyama, mwenyekiti wa chama chao cha wavuvi, aende kuvua Ziwa Turkana wiki nzima. Lusweti alilitamani ziwa hilo tangu ujana.

Mbuthia akavuta. Akatoka ngege mpana kama sinia, ndoano imemnasa ubavuni. Roho ikamuuma Lusweti kama aliyemeza mwiba.

Kisha akaona mashavu ya samaki yamevimba. Alijua maana yake: mama ngege hubeba watoto wake mdomoni. Sheria ya chama ilisema mama kama huyo arudishwe majini papo hapo, na anayemtia kwenye beseni afutwe kwenye shindano la siku hiyo. Mbuthia hakujua kumtambua. Alimgeukia Lusweti.

"Yuko sawa, mwalimu?"

"Weka kwa beseni."

Penye mizani, Mama Nanyama alimfungua samaki mdomo. Vitoto vidogo kama punje za wimbi vikamwagika. Akawarudisha wote majini haraka, mama na wanawe.

"Pole, Mbuthia. Umefutwa. Lusweti anakufuata kwa uzito, ndiye atasafiri."

"Ni sawa, Mama. Na msimlaumu mwalimu wangu. Angeona, angeniambia."

Mbuthia akafungua mkebe wake, akatoa ndoano kubwa kuliko zote. "Huko kuna mbuta, samaki wakubwa kama mbuzi, mzee. Usiende kutuaibisha na hizi zako za kitoto." Akaketi nyasini, akaanza kuifunga mwenyewe kwenye uzi wa Lusweti, taratibu, akiulowesha uzi kwa mate.

Lusweti alitazama vidole vile mpaka akashindwa kuvumilia.

"Niliona," akasema. "Niliona nikanyamaza. Wivu tu."

Mbuthia aliacha fundo nusu.

"Enda umwambie Mama Nanyama mwenyewe," akasema. "Nitakungoja hapa."