Mama Mdogo wa Jenila

Nilimwacha Jenila bado ananyonya. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu siku hizi watu wa hapa kijijini wakihadithia habari zetu wanaanzia kwenye kimbunga, kana kwamba kabla ya kimbunga mtoto hakuwa na mama.

Alikuwa hajatimiza mwaka. Baba yake alikwenda mji mkuu, Port Vila, kutafuta kazi ya ujenzi, akapata kazi na mke mwingine, hatukumwona tena. Nyumba yangu ilikuwa ya majani, mvua ikinyesha tunahama kona hadi kona. Basi wakala alipokuja kisiwani kwetu Pentekosti kutafuta wachuma nyanya wa kupeleka ng'ambo, Queensland, dada yangu Annoline ndiye aliyenisukuma.

"Nenda, Rolenas. Miezi sita ni nini? Utarudi ujenge nyumba ya maana. Mtoto niachie mimi."

Annoline na mumewe Kalo hawakuwahi kujaliwa mtoto. Nilimkabidhi Jenila nikidhani na mimi namfanyia dada yangu hisani.

Nilifika shambani Januari. Machi ugonjwa ukaenea, dunia ikafungwa.

Msimamizi wetu, Craig, alitukusanya kwenye banda la kufungashia nyanya akatuambia mipaka imefungwa, ndege hakuna, ila tusiwe na hofu, kwa kuwa serikali imesema sisi ni wafanyakazi muhimu.

Madlen, mwanamke wa kisiwa cha Ambrym niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, akaninong'oneza, "Ukisikia mzungu anakuita muhimu, ujue Jumapili yako imekwenda."

Tulicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu wa mjini waliambiwa wakae majumbani mwao. Sisi tulilala wanane chumba kimoja, na alfajiri basi lilitupeleka shambani, maana nyanya zinaiva hata kama watu wanakufa. Siku moja dukani mama mmoja alipotuona alivuta kitoroli chake nyuma, akamwambia mwenzake, "Magonjwa haya yanaletwa na watu kama hawa."

Madlen akamjibu kwa Kibislama, lugha yetu ya visiwani, anatabasamu kama mtu anayetoa salamu. "Bibi, kwetu hakuna mgonjwa hata mmoja. Sisi ndio tunaokuogopa wewe."

Yule mama naye akatabasamu. Hakuelewa neno.

Aprili kimbunga kikapita juu ya kisiwa chetu. Minara ya simu ilianguka, na kwa siku nyingi sikujua kama nina mtu aliyebaki. Nilikuwa nachuma bila kuangalia ninachochuma, mpaka Craig akaja na ndoo yangu mkononi.

"Rolenas, hizi ni mbichi."

"Kwetu kuna kimbunga. Sijui kama mwanangu yu hai."

Alivua kofia. "Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha akavaa kofia yake. "Lakini mbichi usichanganye na zilizoiva."

Mwishowe simu ililia. Ilikuwa Annoline. "Tuko hai. Jenila mzima, hana hata mkwaruzo. Nyumba zote ziko chini."

Baadaye mwaka ule serikali yetu ilianza kupeleka ndege za kuturudisha, kidogo kidogo, na jina langu likaitwa. Nilimpigia dada nikilia kwa furaha.

"Usirudi sasa," akasema. "Utalala wapi? Tuko chini ya turubai. Baki, tutumie mabati na misumari, Kalo atakujengea. Mtoto anakula, anacheza, hana shida yoyote."

Craig naye alisema anayeondoka sasa asitarajie kuitwa tena. Basi kiti changu cha ndege akakikalia baba mmoja wa kisiwa cha Malekula. Nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye matuta.

Jumapili jioni, tukitoka shambani, ndiyo ilikuwa saa ya kuongea na Jenila. Mwanzoni alilia akisikia sauti yangu. Kisha akaacha kulia, akawa anailamba simu. Alipoanza kuzungumza, ukimuuliza mama yuko wapi ananyooshea simu kidole.

"Mwanao anafikiri umezaliwa kiwandani na chaja yako," Madlen alisema. Tulicheka wote chumbani. Halafu nikatoka nje.

Jumapili nyingine, kabla dada hajaishika simu vizuri, nilisikia sauti ya mtoto nyuma yake: "Mama! Mama, simu!"

"Anamwita nani?" niliuliza.

"Aa, watoto bwana. Huyu anamwita kila mtu mama. Hata kuku."

Nilirudi katikati ya mwaka uliofuata. Port Vila walitufungia hotelini kwanza, karantini, chakula kinawekwa mlangoni, anayekileta anakimbia kabla hujafungua. Kisha ndege ndogo ikanileta kisiwani. Annoline alikuwa amesimama kando ya kiwanja, amembeba Jenila ubavuni, miguu ya mtoto mirefu, inaning'inia.

"Jenila, huyu nani?" Annoline alimuuliza.

Mtoto alinitazama kwa makini, kama mtu anayechagua samaki. "Wa kwenye simu."

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

"Mama mdogo."

Watu waliokuja kunipokea walicheka. Na mimi nikacheka. Nilinyoosha mikono, akaficha uso shingoni kwa dada yangu.

Walinipikia laplap, magimbi yaliyopondwa na kuokwa kwenye majani, na kuku, walinikaribisha kwa nyimbo. Walinionyesha nyumba yangu. Ilikuwa nzuri, Kalo ni fundi, mabati yanang'aa hata huwezi kuyatazama. Niliingia peke yangu. Dada alisema nimpe mtoto muda anizoee. Nikampa. Wiki zikapita, na kila nilipouliza, muda ulikuwa bado.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni anakuna nazi.

"Dada, leo namchukua mwanangu."

"Mchukue. Kwani nimemficha?"

"Umemfundisha aniite mama mdogo."

"Na mimi aniite nani?" Aliweka nazi chini. "Alipoharisha mpaka macho yakaingia ndani, alimwita nani? Aliita simu?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nibaki!"

"Nilikwambia ubaki kwa ajili ya nyumba. Nyumba si ile pale?"

Nilimwita mwizi. Nilisema mengine pia kuhusu tumbo lake, ambayo dada hamwambii dada. Alinigeuzia mgongo, akashusha gauni mabegani. Kutoka begani mpaka karibu na kiuno alikuwa na kovu nene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Kalo alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Ni yeye aliyenieleza ya siku ya kimbunga. Paa liliondoka wakiwa ndani. Walitambaa kwenda kwenye mtaro wa kanisa, Annoline akamlalia mtoto, na bati la jirani likaja na upepo. Walikaa hapo mpaka upepo ulipokata, Annoline hakuinuka, akihofia lingine.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

Alikuwa anafunga vifungo. "Ungefanya nini? Ungechuma nyanya haraka zaidi?"

Mjomba wetu Garae, kaka yake mama, alituita ayamalize. Alisema Annoline anipe mikeka myekundu na nguruwe, ndiyo mali yetu ya jadi, mtoto awe wake kimila, mimi nitaendelea kumwona kila siku. Kuna ubaya gani?

"Mjomba, mimi ndiye niliyemzaa."

"Hakuna aliyebisha. Tunasema tu hukuwepo."

"Nilifungiwa! Dunia nzima ilifungwa!"

"Najua, mwanangu. Hata hivyo hukuwepo."

Mikeka niliikataa. Nilimbeba Jenila nikaenda naye kwangu, anapiga mateke, Annoline amekaa chini anashika udongo kwa mikono miwili. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Alikataa kula. Siku iliyofuata hakulia tena, na hapo ndipo aliponimaliza. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama anavyofundishwa kuzungumza na wageni.

"Mama mdogo, naomba nirudi nyumbani."

Nilimwambia hapa ndipo nyumbani. Alikubali kwa kichwa. Mvua ilipoanza mchana ule niligeuka kuanua nguo, nikakuta mlango wazi. Nilikimbia. Nilimkuta jikoni kwa Annoline, amelowa, anakula kiazi kikuu kutoka mkononi mwake kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Annoline aliniangalia. Laiti angeniangalia kwa ushindi, ningemnyang'anya mtoto pale pale na kuondoka naye. Lakini alikuwa ananiogopa, na mkono wake haukuacha kumlisha. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikamfuta mtoto nywele, nikarudi nyumbani kwangu.

Mwisho wa mwaka mchungaji aliwaomba watu waseme kanisani wamejifunza nini katika kipindi kile kigumu. Wengine walisema uvumilivu, wengine maombi. Mama mmoja alisema amejifunza thamani ya familia, watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Nimejifunza kwamba mtoto hajui nani alimzaa. Anamjua aliyepo."

"Amina!" mchungaji akasema kwa nguvu, na kwaya ikaanza. Nilikuwa sijamaliza. Nilitaka kusema pia kwamba wanaokuita muhimu hawaulizi ni muhimu kwa nani. Na kwamba mtu anaweza kukuokolea mwanao na kukunyang'anya papo hapo, ukakosa hata pa kuweka hasira yako. Nikakaa.

Mipaka ilipofunguka, wakala alirudi. Annoline alikuja kwangu siku hiyo hiyo, mara ya kwanza tangu tugombane. Alisimama nje ya mlango, hakukaribia.

"Nimesikia wanaandikisha watu."

"Ndiyo. Madlen amekwisha kwenda."

"Na wewe utakwenda?"

"Unataka niende?"

Alifungua mdomo. Alitazama mabati yangu, akatazama miguu yake, akashindwa kusema hapana. Nadhani alijitahidi. Dada yangu si mtu mbaya.

Sikwenda. Watu wanasema nimebaki kwa upendo, kwamba napenda kuwa karibu na Jenila, naye huja kucheza kwangu jioni akitumwa. Wala sibishi. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama mlangoni, upendo sikuuona. Nilibaki ili Annoline asipate kusema mara ya pili kwamba sikuwepo.