Maneno ya Nje ya Ukurasa

Ukitaka kumsengenya mama mkwe wako, msengenye sokoni, msengenye hata chooni ukishindwa kuvumilia, lakini usimsengenye mahali anapoweza kuvaa miwani akasoma. Mama Kurasa alilijua hilo. Ila mwenzetu alikuwa na maficho yake.

Mama Kurasa ndivyo walivyomwita pale duka la uchapaji, kwa sababu kila kadi ya harusi na kila kijitabu cha msiba kilipangwa na mikono yake. Katika programu aliyoizoea, ukurasa ulikaa katikati ya skrini kama mkeka, na pembeni palibaki uwanja mtupu wa kijivu. Kinachowekwa uwanjani hakichapwi. Wenzake waliweka pale picha za akiba. Yeye aliweka umbeya. Bwana harusi akileta picha kabana tumbo, pembeni ataandikiwa: "Pumua, baba, ameshakubali." Mteja akitokea, Mama Kurasa anabonyeza herufi moja tu, uwanja wote unapotea machoni, unabaki ukurasa msafi kama sahani ya mgeni.

Ndipo bosi akaleta programu mpya.

"Ni yale yale," alisema bosi, mtu ambaye hajawahi kupanga hata mstari mmoja. "Vitufe vimehamahama kidogo."

Kidogo! Mhamishie mtu jiko chumbani na kitanda jikoni, kisha umwambie nyumba ni ile ile.

Siku hiyo alikuwa amefungua kazi aliyoianzia kwenye programu ya zamani: kijitabu cha miaka sabini ya mama mkwe wake. Mara mlango ukasukumwa, mwenye miaka yake akaingia.

"Nimekuja kuuona uso wangu," akasema, akavuta kiti, akaketi nyuma ya bega la mke wa mwanawe.

"Karibu, mama," akajibu Mama Kurasa. Ndani ya ukurasa paliandikwa: "Mama yetu ni mpole, sauti yake haijawahi kupanda." Nje, kwenye kijivu, kwa herufi nyekundu: "Akipiga chafya, kuku wa jirani hutaga kabla ya siku zao. Akinyamaza, ujue anavuta pumzi."

Na si aibu tu iliyomtisha. Tangu aolewe, yeye na mumewe waliishi chumba cha uani kwa huyo mama. Uji ukichelewa, mama anajua. Mlango ukilia usiku, asubuhi anauliza. Ilibidi mume abembeleze mpaka mate yakamkauka, ndipo mama akakubali wahamie nyumba yake ndogo ya mtaa wa pili, ambayo mpangaji alikuwa ametoka. Ufunguo aliahidi kuutoa leo. Ulikuwa ndani ya mkoba wake. Miwani nayo humo humo.

"Ngoja nitafute macho yangu," mama akasema, akafungua mkoba.

Mama Kurasa akabonyeza ile herufi yake. Uwanja haukupotea. Picha ndiyo iliyopinduka, mama mkwe akawa kichwa chini.

"Mbona umeniangusha?"

"Nakuweka sawa, mama."

Akatafuta kialama cha kuficha. Zamani kilikaa chini kushoto. Sasa hapo pana tone la rangi. Vialama vingine vimejipanga ukingoni, vidogo kama chawa, vyote kijivu. Akabofya kilichofanana na jicho. Kumbe ni cha kukuzia: maneno mekundu yakatuna, CHAFYA ikawa kubwa kama kibao cha duka.

"Hiyo nyekundu ni nini?" Mkono wa mama bado ulikoroga mkobani, leso, vidonge, kitana.

"Alama za wino, mama. Za mtambo."

"Wino una maneno?"

"Wa siku hizi."

"Vipi," bosi akauliza kutoka mezani kwake, "mmezoeana na programu mpya?"

"Kama mke na wifi, bosi."

Akajaribu kuyafuta maneno. Yakagoma, alikuwa ameyafunga mwenyewe kwa kufuli ya programu ya zamani yasisogee, na kwenye hii mpya hakujua kufuli inafunguliwa wapi. Akavuta kidirisha cha rangi ayafunike. Kikamponyoka, kikarudi kung'ang'ania ukingoni kama kupe. Basi afunge kazi yote, liwalo na liwe! Kisanduku kikaruka katikati kuuliza kama ahifadhi. Zamani kitufe cha kulia ndicho kilichofunga, na kidole kikaenda kulia kwa mazoea. Hapa cha kulia kilikuwa Ghairi. Kisanduku kikatoweka, maneno yakabaki yanamkodolea.

Miwani ikapatikana. Mama akasoma taratibu, midomo ikicheza.

Kimya. Na ni Mama Kurasa mwenyewe aliyeandika kimya hicho huwa cha nini.

Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika. "Kuku wa jirani!" Kicheko kikampasuka, na kwa kweli chafya ilikuwa na nafuu. "Mwanangu, miaka yote kwangu ni ndiyo mama, sawa mama. Nikasema kijana wangu kaoa kasuku. Kumbe una ulimi!"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Humu ndani," akagonga ukurasa kwa kucha, "nimeandikwa kama marehemu. Huko nje ndiko niliko hai."

Mama Kurasa akashusha pumzi. Akauona ufunguo: ulitoka pamoja na miwani, uko kiganjani mwa mama na uzi wake wa bluu. Akanyoosha mkono kidogo, kwa adabu.

Mama akautazama ufunguo, kisha mkwewe, kisha yale maneno mekundu. Akaurudisha mkobani. Zipu ikalia zrrr.

"Nyumba nitaitafutia mpangaji. Mkihama, nani atanichekesha? Kuanzia leo jioni mnakula mezani kwangu. Na uje na mengine."

"Lakini mama, mume wangu..."

"Huyo nitamwambia mimi. Nilimzaa."

Akatoka, bado anacheka, akisikika mpaka barabarani. Mama Kurasa akaangusha paji la uso juu ya vitufe. Alipoinua kichwa, uwanja wote wa kijivu ulikuwa umepotea, na maneno yake nao. Ulibaki ukurasa msafi, umejaa mama mkwe anayetabasamu. Ni kitufe gani, hata hakujua.