Projestus wa Kijiweni

Kila Jumamosi saa kumi jioni Bupe alikwenda kuhubiri kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya gereji, Tabata. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na kanisa lake lilikuwa limemteua mwinjilisti. Wanaume walicheza drafti, wakabishana mpira, wakamsikiliza kwa adabu. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika na hakuna hata mmoja aliyekanyaga kanisani.

Aliyemsikiliza kweli alikuwa Projestus, fundi ujenzi aliyevunjika nyonga kazini na hakupata kazi tena. Siku moja alimwambia, "Mwalimu, Jumapili nakuja. Ila sijuani na mtu kule."

"Utakaa na mie," Bupe alimjibu.

Alikuja kweli, amefua shati, fimbo mkononi. Lakini asubuhi hiyo Bupe alipangiwa kusoma somo, akawa ameketi mbele. Akamwona mzee wa kanisa akimwinamia Projestus na kumwonyesha kwamba benchi lile lina wenyewe. Projestus akainuka, akatazama huku na huku, akatoka. Ibada ilikuwa imeshaanza. Bupe hakunyanyuka.

Jumamosi alimwomba radhi. "Yameisha, mwalimu," Projestus alisema, na habari za kanisa hazikutajwa tena kati yao.

Mwezi wa saba kifua kilimbana Projestus, akalazwa siku nne, akafariki. Bupe alimfuata mchungaji ofisini kumwomba amzike.

"Alikuwa jumuiya gani?" mchungaji aliuliza.

"Hakuwa na jumuiya. Alikuja siku moja, tukamtoa kwenye benchi."

"Mwinjilisti, naelewa. Lakini si muumini wetu. Nikimzika huyu, baraza la wazee nitalijibu nini?"

Wenzake wa kijiweni ndio waliochimba kaburi. Jeneza liliposhushwa, Mbwana, muuza kahawa, alimsogelea Bupe. "Mwalimu, sie wengi hapa ni Waislamu. Dua tumeshamwombea kimoyomoyo. Lakini huyu wa kwenu, msomee ya kwenu."

Bupe hakuwa na ruhusa ya kuzika. Alifungua Zaburi ya ishirini na tatu, akasoma. Katikati sauti ilimkatika, na wanaume wale wakasubiri, kofia mikononi, hadi alipoweza kuendelea.

Wiki iliyofuata dada yake Projestus alipiga simu kutoka Muleba. Nauli ya kuja mazikoni ilikuwa imewashinda.

"Shikamoo mama. Mama yetu anauliza, mchungaji alikuwepo?"

Bupe alitamani kusema ndiyo. "Marahaba, mwanangu. Hakuwepo. Nilimsomea mie."

Kwa mbali alisikia sauti ya mama mtu mzima ikiuliza kitu kwa Kihaya.

"Anataka kujua ulisoma nini."

Bupe akakaa kitandani, akavaa miwani, akaanza upya Zaburi ile, mstari wa kwanza, polepole. Kila alipotua, yule dada alimtafsiria mama yake kwa Kihaya, na Bupe akasubiri mpaka kilio kipungue ndipo asome mstari mwingine.