Fundo la Utingo

Shangazi wa mume ndiye aliyewatuma kwenye mlima ule mtakatifu. "Nendeni mkalione jua likichomoza," aliwaambia. "Mtarudi watu wapya." Sasa wanapanda gizani, miguu peku kama wapandavyo wote, na Sindano, mke, anameza damu. Kabla hawajatoka chumbani hotelini alikuwa amekula kofi la mumewe, eti amechelewa kufunga begi.

Mumewe alikuwa utingo wa malori, bingwa wa kufunga mizigo. Wasafiri wenzao walishikana mikono tu. Yeye alimfunga mkewe kiunoni kwa kamba ya lori, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe.

"Fundo hili likivutwa linazidi kukaza," alijisifu. "Safari hii hutorokei kwa mama yako."

"Bwana wee, huyo ni mke au gunia la vitunguu?" akauliza mwoka mikate aliyewatangulia.

Watu wakaangua kicheko. Mume alisubiri wapinde kona, kisha akamshindilia Sindano ngumi ya mbavu.

"Unaniaibisha mbele za watu!"

"Mimi? Sijafungua hata mdomo!"

Ngumi ya pili ilimkosa. Nyayo za mume ziliteleza kwenye umande, akatoweka ukingoni mwa mwamba.

Kamba ilimkaba Sindano kiunoni, ikambwaga, ikamburuta hadi magoti yakachunika. Akakita visigino kwenye ufa wa jiwe. Huko chini mume alikuwa akigongwagongwa na mwamba.

"Mke wangu! Usiniache!"

Sindano alijaribu kulifungua fundo. Lilikuwa gumu kama chuma. Lakini fundi cherehani kama yeye hakosi wembe wa kufumulia nyuzi. Wake aliuficha kwenye pindo la gauni. Akautoa, akauweka juu ya kamba. Uzi mmoja ukakatika. Wa pili. Ingekuwa rahisi, Mungu wangu, rahisi kuliko kufumua mkono wa shati.

Akaubana wembe kwa meno, akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Jamani, njooni tuvute!" alilia kupitia meno.

Mwoka mikate na wenzake walirudi mbio. Walivuta hadi viganja vikachubuka. Mume akatua mwambani, uso umepasuka, meno mawili hayapo. Alihema, akatema damu. Halafu akaizungusha kamba kwenye ngumi yake na kumvuta mkewe karibu.

"Ulitaka nife," alimnong'oneza. "Ngoja tufike nyumbani."

Sindano aliutoa wembe mdomoni. Mume akajikinga shingo kwa mikono yote miwili.

Lakini wembe ulipita kati ya fundo na ngozi ya Sindano mwenyewe. Ulimchana kidogo tumboni, kisha kamba ikaanguka.

"Shuka nalo hilo," Sindano alisema, akilisogeza fundo kwa mguu. "Mimi silijui tena."

Mume aliinuka na ngumi yake. Mwoka mikate akasimama katikati yao, na nyuma yake wengine wote.

"Kilele kiko karibu, dada," alisema. "Unaweza?"

"Naweza."

Alipanda akichechemea, damu ikimtiririka hadi nyayoni. Mwanga wa kwanza ulimkuta bado njiani, naye hakugeuka nyuma.