Kufuli Lililovaa Tai

Usingizi wa jana usiku ulinikuta nikiwaza mtihani wa vitendo wa leo, kuunga bomba kwa spana ambayo sijawahi kuishika. Nikaota nimeitwa ukumbini kuulizwa kama nimeridhika na vifaa vya chuo.

Anayeuliza ni kufuli la stoo. Limevaa tai.

"Jina na fani?"

"Ambokile. Ufundi bomba."

"Umeridhika, au umeridhika sana?"

"Sijaridhika! Spana zililetwa tukiwa mwaka wa kwanza. Mkuu wa chuo akakata utepe, tukapigishwa makofi, ukatundikwa wewe mlangoni. Tangu siku hiyo mwalimu anatuchorea spana ubaoni kwa chaki. Sijasahau. Hata utepe naukumbuka, ulikuwa wa kijani."

"Wa bluu," linasema kufuli.

Nageuka nimuulize Lwitiko, ninayelala naye chumba kimoja, mwanafunzi wa upishi. Ukumbi umekuwa jiko lao. Mabomba yanang'aa ukuta mzima, na Lwitiko kakaa ndani ya sinki, kakunja nne.

"Sisi tumeridhika sana," anasema. "Nyie mnalalamika mpaka usingizini."

Nina kiu. Nakinga viganja. Maji yanashuka, yanafika kwenye vidole vyangu, yanapinda, yanapita pembeni.

"Fani yako ni kuniunga," bomba linanieleza. "Kunitumia ni fani ya upishi."

"Basi nikuunge."

"Kwa spana ipi?"

Najipapasa mifukoni. Kufuli linakohoa, linafunguka, linatapika spana. Bado imevaa nailoni ya dukani. Inalia.

"Na mimi niliulizwa kama nimeridhika na wanafunzi," inasema. "Nikajibu, sijawahi kumwona hata mmoja. Haya, nishike."

Naishika.

"Mwiko wa ugali huo? Teremsha mkono, mwisho wa mpini! Sasa vuta, kwa upande ninaofungulia mdomo."

Navuta. Bomba linacheka, halafu linakaza, linanyamaza. Maji yananyooka, yanajaa viganjani. Nakunywa. Yana ladha ya chaki. Sielewi.

"We Ambokile! Amka, wenzako wameshaanza kuitwa!" Lwitiko ananitikisa. Halafu anaushika mkono wangu, anaugeuza. "Na hii grisi umeitoa wapi? Si mnasema hamna vifaa?"

Grisi mbichi, kiganja kizima. Katikati umenata uzi wa utepe.

Wa bluu.

Nikaenda mtihanini bila kunawa.