Mtu wa Kumi, Ghorofa ya Kumi na Moja

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, Émilienne alifika ghorofa ya kumi na moja kwa miguu, maana lifti za jengo lile la Thamesmead zilikufa Machi na sasa ilikuwa Desemba. Alifungua mlango wa Mzee Hyman Lasker, akabonyeza simu ya kazi ili kampuni ijue ameingia, akabandika maji ya uji. Alikuwa na dakika thelathini. Mzee alikuwa na miaka tisini na moja, miguu isiyomtii, na barua mkononi.

"Soma," alisema. "Mimi nimeisoma mara nne. Labda wewe utaona kitu kizuri."

Halmashauri ilikuwa inamtuma mtu Jumatano, saa tisa alasiri, kuangalia kama kweli Mzee anahitaji kutembelewa na walezi mara nne kwa siku. Émilienne aliisoma mara moja, ikamtosha. Miaka mitano ya kuomba hifadhi ilimfundisha kusoma barua za serikali kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kisu walikuwa wanakificha karibu na saini.

"Wanataka kupunguza," alisema.

"Hilo nalijua. Tatizo ni saa waliyochagua."

Tatizo lenyewe lilikuwa limebandikwa kwenye friji.

Kila Ijumaa posta ilimletea Mzee karatasi ya matukio ya jumuiya ya Wayahudi wa London: wapi kuna chai, wapi kuna muziki, nani anatoa mhadhara, sinagogi gani inasali saa ngapi. Mzee alikuwa akizitia kwenye droo. Mwaka 1971, alipotolewa Stepney na kuletwa huku kwenye zege jipya, mtu wa ofisi ya nyumba alimwambia kwamba sinagogi ingefuata baada ya maduka. Maduka yalikuja, yakafungwa, yakaja mengine. Sinagogi Mzee alikuwa bado anaingoja. Tukio la karibu kabisa kwenye karatasi lilikuwa mwendo wa mabasi mawili na treni moja, tena kwa mtu anayeweza kushuka ngazi.

Émilienne alizikuta zile karatasi mwezi wa Oktoba, akachukia. Kwao Bukavu mwaliko hautiwi kwenye droo. Unabandikwa ukutani mpaka siku ipite, hata kama huendi, ili aliyekualika asidharauliwe. Akachukua karatasi ya wiki ile na kuibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Jumanne, saa nane kamili kama ilivyoandikwa, Klabu ya Chai ya Ilford ilitoka ndani ya friji: kinamama kumi na tisa na akordioni moja, wakiongozwa na Bi Miriam Pinsker, ambaye alisema maziwa yale ni ya juzi. Saa kumi kamili walirudi walikotoka.

Émilienne alimpigia simu Raïssa, mlezi wa zamu ya jioni na mtu wa kwao Bukavu, amjulishe hali ya nyumba.

"Balipita wapi?" aliuliza Raïssa.

"Mu frigo."

"Balitoa viatu?"

"Hapana."

"Basi njo weye utapanguza."

Tangu siku hiyo Mzee hakukosa kitu. Alihudhuria mhadhara juu ya mafundi cherehani wa Whitechapel, akamsahihisha mhadhiri mara sita. Kila jambo liliisha kwa saa yake. Hata mtu aliyekuwa katikati ya sentensi aliondoka nayo.

Na kwa Jumatano hii karatasi ilisema: Sala ya alasiri, Stepney, saa tisa hadi tisa na nusu, wanaume wanahitajika sana. Kwa kalenda ya Kiyahudi ndiyo siku aliyokufa Rivka, mama yake Mzee, aliyeshona matundu ya vifungo miaka thelathini mpaka macho yakamwishia. Kila mwaka siku hiyo mwana anatakiwa kumsomea Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Kwa desturi aliyolelewa nayo Mzee, lazima wawepo wanaume kumi. Miaka mitatu ilikuwa imempita hivihivi.

"Mzee, niiondoe karatasi," alisema Émilienne. "Alhamisi nairudisha. Yule mtu akikuta humu kumejaa, ataandika kwamba una watu."

"Nina watu."

"Una watu wa nusu saa."

Mzee alikoroga uji wake. "Miaka mitatu mama hajasikia neno kutoka kwangu. Hakuwa mwanamke wa kunyamaziwa, yule. Iache."

Émilienne aliiacha. Akaongeza sumaku ya pili.

Jumatano saa tisa, Émilienne akiwa amerudi nje ya zamu yake, wanaume wanane walitoka kwenye friji na makoti mabichi, kwa kuwa Stepney mvua ilikuwa inanyesha. Pamoja na Mzee wakawa tisa. Kiongozi wao, Solly Abrahams, aliwahesabu, akawahesabu tena, akatazama jua dirishani. Likishazama, sala ile imekwisha.

"Si tuko kumi?" alisema Émilienne. "Na mimi nipo." Kwao kwenye matanga aliyefika amefika, na hakuna anayehesabu watu isipokuwa mpishi.

"Mama, wewe peke yako ni watu ishirini," alisema Solly. "Lakini kwa hesabu hii wewe ni sifuri."

"Nani kaipanga hesabu hiyo?"

"Wamekufa wote. Ukikutana nao, walalamikie."

Kengele ikalia. Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa halmashauri, Julian Marks, akihema kwa ngazi zote zile, kitambulisho kikining'inia shingoni. Solly alilisoma jina, akamtazama usoni.

"Mama yako ni Myahudi?"

"Ndiyo, lakini mimi si mtu wa sala."

"Hakuna aliyekuuliza hilo. Ingia, funga mlango."

Kichwa chake kilikuwa wazi, kwa hiyo Émilienne akakifunika kwa kitambaa safi cha vyombo. Mzee alisimama, Émilienne amemshika kwapani, akasoma Kadishi ya Rivka tangu mwanzo hadi mwisho bila kutazama kitabu. Julian Marks aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mara moja aliitikia pasipo pake, akasahihishwa kwa kiwiko. Saa tisa na nusu wale wanane waliingia kwenye friji, na wa mwisho akavuta mlango nyuma yake.

Julian aliketi mezani, kitambaa bado kichwani, akatoa fomu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Swali la kumi na nne," alisema. "Je, mteja ana watu wa jumuiya yake wanaomzunguka?"

"Andika kwamba wameondoka saa tisa na nusu," alisema Émilienne. "Andika kwamba aliyemwinua kitini ni mimi."

"Hapana nafasi ya kuandika. Kuna ndiyo na kuna hapana." Alisema kwa huzuni ya kweli. "Na wa kumi nilikuwa mimi mwenyewe. Siwezi kuweka hapana."

"Weka unachoweka," alisema Mzee. "Mama amesikia."

Siku tisa baadaye barua ilikuja. Ziara nne zikawa moja, ya jioni. Kampuni ililifuta jina la Mzee kwenye simu ya Émilienne na kumpangia bibi mmoja wa Abbey Wood, saa mbili na nusu.

Émilienne hakulia. Alilia sana mwaka 2009 mbele ya ofisa wa uhamiaji aliyekuwa anakula sandwichi, na anaikumbuka mpaka leo: ilikuwa ya yai. Alimpigia simu mhariri wa karatasi ya matukio na kumsomea tangazo polepole: Kumwamsha na kumvalisha Hyman Lasker, Thamesmead, ghorofa ya kumi na moja, kila siku saa moja asubuhi, wote mnakaribishwa.

"Patakuwa na chai?" aliuliza mhariri.

"Mkiipika."

Jumatatu, saa moja kamili, watu kumi na wanne walitoka kwenye friji. Émilienne alikuja kwa ngazi, kabla ya kwenda kwa yule bibi, na hakubonyeza simu. Akawafundisha: goti hapa, bega pale, moja, mbili, juu.

"Msimvute mkono. Huyu si ndoo."

"Nimezika waume wawili," alisema Bi Miriam. "Najua kunyanyua mwanamume."

"Hao walikuwa hawalalamiki," alisema Mzee.

Wiki ya tatu wote walikuwa wamekwisha kuijua kazi, na hapo barua ya pili ikafika, safari hii ikiwa na shukrani. Mzee Hyman Lasker alikuwa mfano wa kuigwa na wakazi wote. Kuanzia tarehe mosi, ziara ya jioni haitahitajika tena.

Émilienne aliisoma kwa sauti mbele ya wote kumi na wanne, makoti yao bado yana baridi ya friji. Walisikiliza mpaka saini.

"Jioni huwa ni saa ngapi?" aliuliza Bi Miriam.

"Saa kumi na mbili," alisema Émilienne, akampa kalamu.