Barafu Haikulainishwa

Filimbi ilipolia, ubao ulionyesha mbili kwa mbili, na Aili Kortesmaa akaegemea gongo lake akihema. Alikuwa kapteni wa timu ya wasichana ya hoki ya barafuni ya chuo kidogo kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Wakishinda, wanaingia mchujo. Wakitoka sare, nafasi ni ya wageni wao na msimu umekwisha, na kwa Aili ungekwisha na mchezo wenyewe, maana msichana wa chuo kama chake akihitimu hana timu inayomngoja. Ulibaki muda wa nyongeza.

Badala yake akaja Bwana Pruitt, mkurugenzi wa michezo, akinyata juu ya barafu kwa viatu vyake vya ngozi. Akamwambia refa kwamba nyongeza haitachezwa. Wavulana wana mechi jioni, barafu yao ilainishwe sasa ipate kuganda vizuri, na wasichana wamechelewa kwa kosa lao wenyewe. Iandikwe sare.

Kosa lao! Walichelewa kwa sababu wavulana walikuwa uwanjani wakipiga picha na wafadhili. Msimu mzima mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wasichana walifanya mazoezi alfajiri, kope zikiganda kwa baridi njiani, kwa kuwa saa za maana zilikuwa za wavulana. Walibadilishia nguo katika stoo ya mashine za kukatia nyasi. Walivumilia, wakasifiwa kwa uvumilivu, na kila waliposifiwa wakanyang'anywa kitu kingine. Aili alikuwa amechoka kusifiwa.

Lango likafunguliwa, mashine ya kulainisha barafu, lile gari linalomwaga maji juu ya mikwaruzo yagande upya, ikachungulia na taa zake. Kule, mtoto hulijua hili kabla hajajua kusoma: mashine ikija, unatoka mbio, hata kama umebakiza shuti moja. Dereva naye haingii mpaka wa mwisho atoke. Aili alikuwa ametii tangu utotoni, na sasa miguu ilishaanza kumpeleka langoni yenyewe. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akageuka, akateleza hadi katikati ya uwanja, akasimama.

Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kipa wao akaketi kabisa.

"Aili, binti yangu, usiniaibishe mbele za watu," Bwana Pruitt akasema kwa sauti ya chini. "Toka."

"Mimi si binti yako. Binti yako ungempa muda wake."

"Mnachelewesha chuo kizima."

"Basi iambie mashine ipite juu yetu."

Dereva akazima injini, akajimiminia kahawa.

Wageni walikuwa wakitoka huku wakikumbatiana. Kapteni wao, Maren Oftedal, aliyekuwa akimbamiza Aili ukutani mechi nzima, alifika langoni akasita. Angevuka tu pale, mchujo ungekuwa wake. Aliwatazama wale waliosimama, akaivaa tena kofia yake ngumu ya mchezo, akarudi mpaka ubavuni mwa Aili.

"Wewe unataka nini huku?" Aili akamuuliza. "Si mmeshapita?"

"Kwetu nako wanatufanyia hivi hivi," Maren akasema. "Na usinishukuru. Nimekuja kukufunga."

Timu yake yote ikarudi nyuma yake. Watazamaji wakaanza kugonga viti. Refa, aliyekuwa akikagua kamba za viatu vyake, akakumbuka kwamba ana filimbi, na Bwana Pruitt akaondoka akiteleza teleza, bila mtu wa kumshika mkono.

Nyongeza ikachezwa juu ya barafu iliyochimbika kila mahali. Maren alikuwa mtu wa ahadi. Alipiga shuti la kawaida tu, kisahani cha mpira wanachochezea kikadunda kwenye ufa, kikapita chini ya goti la kipa. Barafu ingekuwa laini, angekidaka.

Wakapanga mistari miwili, wakapeana mikono kama ilivyo desturi. Aili alilia waziwazi wala hakujificha. Alipofika kwa Maren walivutana kofia, wakaachana.

Bwana Pruitt alikuwa akimngoja langoni. "Umeona sasa? Fujo yote ile, na bado mmefungwa."

"Tumefungwa, ndiyo," Aili akasema, akijifuta kamasi kwa glavu. "Lakini aliyetufunga ni Maren. Si wewe."